Jirani wa Nyuma ya Geti



Mapadre wenzetu tuliosoma nao seminari, tukikutana kwenye mafungo ya mwaka, hawakosi kututania. Wanasema tumepelekwa ushuani, tumepata parokia ya viyoyozi, na kwamba siku tukirudi kwao tutadai maji ya chupa ya kunawia mikono. Huwa tunacheka nao, maana utani wa mapadre hauna sumu. Hata hivyo ndani ya utani huo kuna swali ambalo baadhi yenu pia mmetuuliza kwa nyakati mbalimbali: maisha ya huko yakoje, na watu wa huko wanaishije? Juma hili tumeona tulijibu kwa utulivu. Tumekwisha kumaliza mwaka wa tano tangu tulipohamishiwa katika Rasi ya Msasani, na kabla ya hapo tulihudumu miaka minane upande wa Temeke, ambako mabati ya nyumba yanagusana, na jirani akikaanga dagaa wewe unajua kabla hajawageuza.

Kitu cha kwanza kinachomgusa mgeni huku ni ukimya. Temeke tuliamshwa na adhana, kisha jogoo, kisha mama wa vitumbua, kisha ugomvi wa ndoo kwenye foleni ya bomba. Ifikapo saa moja asubuhi ulikuwa umekwisha kujua nani kaugua usiku, nani kapata mgeni na nani kafungiwa chumba kwa kodi. Huku asubuhi tunasikia kunguru, tunasikia ufagio wa chelewa ukikusanya majani ya mkungu, kisha tunasikia geti likiguna na gari likitoka. Geti hujifunga na ukimya hurudi. Unaweza kupita mtaa mzima wenye nyumba ishirini, mchana kweupe, usione uso wa mwenye nyumba hata mmoja. Utaona kuta, utaona bugenvilia zimeinamia kuta, utaona nyaya za umeme juu ya bugenvilia, na kibao kinachoonya kwamba kuna mbwa mkali. Mahali pengine mbwa mwenyewe alikwisha kufa siku nyingi, kimebaki kibao.

Tena huku hakuna anayetembea kwa miguu isipokuwa mfanyakazi. Daladala haziingii katika mitaa ya ndani. Zinawashusha watu Namanga au kando ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri utawaona wakiingia kwa safu, wametoka Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta na hata ng'ambo ya Kigamboni, kila mmoja na mfuko wake. Siku za mwanzo tulipokwenda kwa miguu kuwatembelea wagonjwa, tukiwa hatukuvaa kola, mlinzi mmoja alitusimamisha akatuuliza tunatafuta kazi gani. Tukamwambia tunatafuta kondoo waliopotea. Akajibu kwa heshima zote kwamba nyumba ile hawafugi, labda tujaribu machinjio ya Vingunguti.

Mitaa hii haikuota hivi kwa bahati. Wajerumani walipohamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, mwaka 1891, walitoa pia kanuni za ujenzi zilizoamua nyumba ya namna gani ijengwe wapi. Na kwa kuwa namna ya nyumba ilifuata namna ya mtu, mji ukagawanyika. Waingereza waliowafuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza mgawanyo huo, na wenyeji wakaupa majina ambayo bado tunayatamka bila kufikiri: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ng'ambo ya Daraja la Selander, lenye jina la mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika ya Waingereza, likapimwa eneo la Oysterbay kwa ajili ya maofisa wa Kizungu. Viwanja vilipimwa vikubwa. Nyumba ikawekwa mbali na barabara, ikitazama upepo wa bahari, na nyuma kabisa, mwisho wa kiwanja, kikajengwa kibanda cha mtu aliyeitwa boi. Neno hilo bado lipo. Tunao katika parokia yetu wazee wenye wajukuu wanaoitwa shamba boi na watu wanaoweza kuwa watoto wao.

Baada ya Uhuru mwaka 1961 waliingia maofisa waandamizi wa Serikali yetu wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likakataza viongozi kupangisha nyumba, na mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Likaja Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, masharti yakalegezwa, nyumba zikaanza kupangishwa kwa balozi na mashirika, kodi ikitajwa kwa dola. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali nayo iliuza nyumba zake nyingi. Kwa hiyo mwenye nyumba amebadilika mara tatu au nne katika kiwanja kilekile, kwa rangi, kwa cheo na kwa sarafu. Kibanda cha uani hakijahama.

Kuta, kwa upande wake, ni za juzi. Wazee waliokulia hapa wanatusimulia kwamba walipokuwa watoto mpaka ulikuwa ua wa michongoma, na mtoto aliyejua tundu lake aliweza kutoka nyumba moja hadi ya tano bila kukanyaga barabara. Ujambazi ulipozidi, michongoma iling'olewa, matofali yakapanda, juu yake vikapandwa vipande vya chupa, na baadaye nyaya. Hatuthubutu kuwacheka waliojenga. Tumekaa sebuleni na familia iliyofungwa kamba usiku kucha mbele ya watoto wao, na tunajua kwamba baada ya usiku kama huo mtu hajengi ukuta ili kujionyesha. Hofu ya watu wa huku ni ya kweli, kama njaa ya wengine ilivyo ya kweli. Tunachosema ni kwamba ukuta haujui kuchagua. Humzuia mwizi, na humzuia pia jirani aliyekuja kuazima chumvi, na baada ya miaka ishirini mtu hukuta kwamba hana jirani wa kumwazima chumvi wala hajui kwamba alimhitaji.

Hapo tunamkumbuka bibi mmoja. Mwanawe, muumini wetu, alimleta kutoka Rombo baada ya mumewe kufariki, akiwa amevuka miaka themanini na magoti yamekataa kilima. Alipewa chumba chenye bafu lake, godoro la kunyoosha mgongo, televisheni kubwa, na muuguzi wa kumwangalia. Tulikuwa tukimpelekea Komunyo Takatifu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Mara ya pili tulipofika, alitushika mkono akatuambia kwa sauti ya chini, "Baba, mwanangu ananipenda sana. Lakini hapa nimefungwa kifungo cha heshima." Tulimuuliza anakosa nini. Alisema, "Nakosa mtu wa kusalimia." Tangu azaliwe hakuwahi kumaliza siku bila kumsalimu mtu asiye wa nyumba yake, kule Rombo hata mwenye kupeleka majani kwa ng'ombe husimama, hutua mzigo, huuliza habari za wagonjwa na za mvua.

Ombi lake lilikuwa dogo: awekewe kiti karibu na geti, na ule mlango mdogo wa pembeni uachwe wazi ili aone wanaopita. Jambo hilo dogo lilichukua wiki tatu. Kampuni ya ulinzi ilikuwa na kanuni kwamba mlango mdogo usikae wazi hata dakika moja, na mlinzi ndiye angekatwa mshahara. Hatimaye wakakubaliana saa moja kila siku, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, mlinzi akiwa amesimama kando. Bibi akakaa pale na khanga yake mabegani, akawa anasalimia. Ni saa ambayo wafanyakazi wa kutwa wanarudi kituoni. Mwanzoni walidhani anawaita kwa shida fulani. Walikuwa hawajazoea kusalimiwa kutoka ndani ya geti. Baadaye walizoea, wakaanza kupitia upande ule wa barabara makusudi. Aliwauliza makwao, akawauliza watoto, akawafokea wasiokwenda kliniki. Haukupita mwaka akawa anajua majina ya watu wa mtaa ule kuliko mwanawe aliyeishi hapo miaka kumi na minane.

Bibi alifariki miaka miwili iliyopita, katika juma la pili la Kwaresima. Kama ilivyo desturi ya kwao, mazishi yalikuwa Rombo, lakini kabla ya safari tuliadhimisha Misa pale nyumbani. Mnajua jinsi msiba ulivyo Uswahilini: turubai hufunga barabara, mikeka hutandikwa, kinamama hupika kwa zamu, na asiyefika ataulizwa. Huku walikuja ndugu, walikuja watu wa kazini, magari yakapangwa vizuri pande mbili. Majirani wa kulia na wa kushoto hawakujua kama kuna msiba, na hatusemi kwamba walikataa kuja. Hakuna aliyewaambia, maana hapakuwa na mtu wa kuwaambia wala namba ya kuwapigia.

Misa ilipokwisha na jeneza likawa linatolewa, tuliwakuta nje ya geti. Walikuwa wamesimama kando ya ukuta, kimya, watu kama sitini, wengine na sare zao za ulinzi, wengine na aproni, mmoja ameshika mkasi wa kukatia maua. Hawakuwa wameingia kwa sababu hakuna aliyewakaribisha na majina yao hayakuwa kwenye orodha ya mlinzi. Binti mmoja akapiga goti mbele ya mwana wa marehemu akampa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na shilingi 87,000, nyingi noti za elfu moja na elfu mbili, pamoja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa majina na kiasi alichotoa kila mmoja, kama inavyofanywa kwenye rambirambi mahali popote. Yule baba alisoma majina yale juu hadi chini, akatugeukia akauliza, "Padre, hawa ni akina nani?" Lilikuwa swali la kweli. Alikuwa hawafahamu.

Tumelisimulia jambo hili kwa kirefu kwa sababu lilitufumbua macho juu ya mtaa wenyewe. Tulikuwa tukisikia, hata kwa mapadre waliotutangulia, kwamba ushuani hakuna ujirani. Ujirani upo, tena mzito kama wa Temeke, ila haukai sebuleni. Upo kwa walinzi wanaobadilishana saa kumi na mbili jioni na kupeana habari za mtaa mzima. Upo chini ya mti kwa mama lishe, ambako mafundi, madereva na watunza bustani hula pamoja. Upo kwa mabinti wanaokutana gengeni kununua nyanya na mchicha. Wao ndio wanaojua nyumba gani mzee ameanguka bafuni, nyumba gani ndoa inayumba, nyumba gani mtoto amerudishwa kutoka chuo cha nje na hatoki chumbani. Wanaosemekana kuwa wamekuja kufanya kazi tu ndio wakazi. Wenye hati za viwanja wanalala hapo.

Katika parokia mgawanyo huo unaonekana kwa saa. Misa ya kwanza, ya saa kumi na mbili asubuhi, imejaa wafanyakazi wa nyumbani na walinzi waliotoka zamu ya usiku. Ikifika saa moja na nusu wanaondoka mbio, kwa kuwa kuna chai ya kuandaliwa. Misa ya saa nne inajaa waajiri wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kila mfanyakazi saa 24 za mapumziko kwa juma, naye mfanyakazi wa nyumbani amo. Lakini wengi wanatuambia kwamba Jumapili yao huanza baada ya vyombo vya chakula cha mchana. Na tukiwa tumefika hapo tuseme pia la mshahara, ingawa kuna watakaokunja uso. Agizo la mwaka 2022 lilitaja kwa anayefanya kazi nyumbani kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa kima cha chini cha shilingi 250,000 kwa mwezi, na kwa mfanyakazi anayelala kwa mwajiri wa kawaida shilingi 60,000. Agizo jingine lilitolewa mwaka 2025. Tunawafahamu waumini wanaolipa mara mbili ya kiwango hicho na kumwekea mfanyakazi akiba yake NSSF. Tunawafahamu pia wasiofika hapo, na wanasali vizuri.

Tuje sasa kwenye jumuiya. Maaskofu wa nchi za AMECEA, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walichagua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa njia ya kulijenga Kanisa katika ukanda wetu, na nyote mnajua zinavyokwenda: kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba hadi nyumba kwa zamu, mkeka au viti, Neno, maombi, mchango mdogo, na chai kama ipo. Mahali pengi ni uhai wa parokia. Huku jumuiya ni msalaba wa viongozi wake. Wenye nyumba hawafiki. Hutuma bahasha kwa dereva. Hatuwabezi kwa hilo, maana bahasha hizo ndizo zilizoezeka kanisa la kigango chetu na kuwalipia ada watoto ambao hawatawajua wafadhili wao. Watu wa huku ni wakarimu kuliko wanavyosimuliwa. Ila kwao kutoa laki tano ni kwepesi kuliko kutoa saa moja, na kutoa saa moja ni kwepesi kuliko kufungua geti. Basi wanaofika ni wazee wastaafu wachache, na wafanyakazi.

Mwaka jana, siku ya kupanga zamu, dada mmoja alinyoosha mkono. Ni yule binti aliyepiga goti na bahasha. Ametoka Kasulu, anafanya kazi katika nyumba moja kwa mwaka wa tisa, na ni mweka hazina msaidizi wa jumuiya. Aliuliza, "Mwenyekiti, mimi zamu yangu ni lini?" Mwenyekiti, mzee mstaarabu, alimweleza kwa upole kwamba zamu ni ya kaya, na kadi ya kaya ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba ile ni mpangaji, na si Mkatoliki. Dada akasema, "Nimeelewa, baba. Ila mimi nakaa wapi?" Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Mwenyekiti akalileta swali kwetu.

Tulikwenda kuonana na mama mwenye kupanga nyumba ile. Alitupokea vizuri, akatupa kahawa, akatusikiliza. Maswali yake yalikuwa ya mtu wa kazi: watakuja wangapi, watakaa muda gani, wataimba kwa sauti kiasi gani, nani atawajibika. Alituambia kampuni ya ulinzi itataka majina na namba za vitambulisho kabla ya Ijumaa jioni. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwa nini hakuniambia mwenyewe?" Tukamwambia hilo aulizwe mwenyewe. Hatujui waliongea nini jikoni, ila siku iliyofuata dada alitupigia simu akisema imekubaliwa.

Walifika watu kumi na wanne. Mlinzi aliwaita mmoja mmoja kutoka kwenye karatasi, wakaingia kwa kuinamisha vichwa kwenye mlango mdogo, wakazunguka nyumba kubwa hadi uani. Dada alikuwa amefagia tangu usiku. Alikuwa ametandika mkeka mbele ya chumba chake, kati ya kamba ya nguo na pampu ya maji, akaweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na maua ambayo mtunza bustani alimkatia kwa ruhusa. Viti vya plastiki vilitolewa na mwenye nyumba pamoja na kreti ya soda. Yeye mwenyewe hakutoka. Wakati wa maombi ya nia binafsi dada alisema maneno machache. Alisema kwa miaka tisa amefungulia geti wageni wa watu, amewapokea mizigo, amewauliza watakunywa nini, wala hajawahi kufika mtu pale getini akataja jina lake. "Leo nimepata wageni," akasema, akaanza kumimina chai.

Wapo waliofurahi, na wapo waliokwazika. Baba mmoja, muumini tunayemheshimu na ambaye mkono wake hauna choyo, alituandikia ujumbe mrefu baada ya wafanyakazi wengine wawili kuomba zamu, mmoja wao wa nyumbani kwake. Aliandika kwamba nyumbani ni nyumbani. Kwamba akifungulia watu kumi leo, kesho hatamtambua wa kumi na moja. Kwamba uvamizi mwingi mtaani ulianza na habari zilizotoka ndani. Hoja yake ina uzito, na tumeona damu inayoitetea. Hata hivyo hatukubaliani nayo, na tumemwambia hivyo ana kwa ana. Watu hao kumi anapokea nao mwili mmoja wa Bwana. Kama hawatambui, ni kwa sababu wao wanakuja saa kumi na mbili naye anakuja saa nne. Na usalama ambao unamtegemea mtu alale macho nje ya dirisha lako usiku kucha, huku hujui jina lake la pili wala anakolala mchana, tunaona ni usalama mwembamba sana.

Katika mazungumzo hayo tulimkumbusha mfano wa tajiri na Lazaro, ambao wote tumeusikia mara nyingi. Kuna jambo ndani yake ambalo hutupita. Tajiri, akiwa katika mateso, anamwomba Abrahamu amtume Lazaro, na anamtaja kwa jina. Maana yake alimjua. Miaka yote ile Lazaro alipolala getini, tajiri alijua anaitwa nani, na pengine alimpita kwa salamu. Mwinjili hasemi kwamba alimpiga wala kumfukuza. Baba yule alinyamaza, kisha akacheka kidogo akasema, "Padre, basi mimi nina hali mbaya kuliko yule tajiri, maana wangu hata jina lake kamili silijui." Hakutoa ruhusa siku hiyo, wala hatukumsukuma.

Nyumba nyingine mbili zimekataa kabisa, na moja ya hizo mwenyewe ni kiongozi katika parokia. Nyumba moja imekubali kwa sharti kwamba wasiimbe. Halmashauri ya walei inajadili kama zamu iandikwe kwa kaya au kwa mtu, na mjadala ni mkali kuliko ule wa rangi ya kanisa. Mzee mmoja alisema tukiandika kwa mtu, tutajikuta na vyumba vya uani vingi kuliko sebule katika orodha, na mama mmoja akamjibu kwamba ndivyo mtaa ulivyo. Uamuzi utatolewa kabla ya Majilio.

Mlango mdogo wa nyumba ya yule bibi wa Rombo, kwa taarifa ya wanaouliza, bado unafunguliwa saa kumi jioni. Mwanawe aliirefusha ile saa moja ikawa mbili. Hakai pale yeye, ratiba yake haimruhusu, lakini kiti kipo, na mara nyingi utamkuta muuguzi aliyekuwa akimwangalia bibi, ambaye sasa anawatunza wajukuu, amekaa na mtoto mdogo mapajani anamfundisha kusema shikamoo kwa kila anayepita.

Jumamosi ijayo zamu ya jumuiya iko nyumba ya nne kutoka kona ya mbuyu, uani, kwa kaka anayetunza bustani. Majina na namba za vitambulisho yafike kwa mwenyekiti Alhamisi, ili mlinzi ayapate mapema. Kaka anaomba wanaokuja na watoto wawashike mikono wakipita karibu na bwawa.